Nati Hakumsukuma Mkewe

Kuna watu hasira huwapanda zikashuka. Za Mama Duara zilipanda mwaka ule wa video na mpaka leo hazijashuka, na wala simlaumu.

Hebu jiweke mahali pake. Umekaa kwenye kibanda chako cha kazi, mkono uko kwenye breki ya pembea kubwa la duara ambalo baba yako mzazi alilichomelea chuma kwa chuma. Mbele ya pua yako amesimama kijana na mchumba wake, aiskrimu inamdondokea kwenye viatu, anamsimulia mwenzake jinsi baba yako alivyomuua mama yako. Tena anasimulia kwa raha zake. Eti huyu Nati, mwenye bustani hii ya michezo, alimpandisha mkewe mpaka kule juu kabisa akamsukuma, kwa sababu mke alikuwa anatembea na fundi umeme. Eti tangu siku hiyo akarukwa na akili, akajifungia kwenye karakana yake mpaka akafia humo, na mzimu wake bado unawatafuta wanawake wasiotulia. Msichana akamkumbatia mpenzi wake, akajitia kuogopa. Kisha wakamkabidhi Mama Duara tiketi zao, wakamwambia shikamoo mama, wakapanda.

Mama yake wakati huo alikuwa nyumbani, anakunywa chai.

Hilo jina la Mama Duara alipewa na wafanyakazi wenzake, maana pembea lile wenyewe hawaliiti kitu kingine ila Duara, na hakuna aliyewahi kuliendesha kwa miaka mingi kama yeye. Ni mwanamke mfupi, mtu mzima, mikono minene ya kazi na mdomo usiolaza neno. Alianza akiwa msichana mdogo, akimshikia baba yake spana. Aliolewa akiwa hapo, akaachika akiwa hapo, akalea watoto kwa mshahara wa hapo. Baba alipofariki na bustani ikauzwa kwa kampuni, naye aliuzwa nayo, kama anavyopenda kusema, pamoja na mabenchi na vyoo.

Huyo baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Mifuko ya suruali yake haikukosa nati hata siku moja, kwa hiyo akitembea unamsikia kabla hujamwona, na watoto wa enzi hizo wakamwita Nati, jina likamganda. Alinunua vyuma chakavu vya kiwanda kilichofungwa, watu wakamcheka, wakasema jamaa sasa amechanganyikiwa. Akatengeneza bembea. Akatengeneza farasi wa kuzunguka. Mwisho akasimamisha Duara, waliomcheka wakaja na watoto wao wakapanga foleni. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafunga mikanda, mmoja mmoja, na kila mtoto alimuuliza swali moja tu: umeshakojoa? Na alikuwa na sheria yake moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Mwenye breki haondoki kwenye breki ikiwa kuna roho ya mtu juu. Hata nyumba yako ikiwaka moto, unawashusha watu kwanza.

Watoto waliomjua sasa ni watu wazima wenye vitambi na magoti mabovu, hawaji tena. Wanaokuja ni wengine, na hao wengine hawajui lolote. Bango la getini limeandikwa KWA NATI kwa herufi kubwa kuliko mtu, lakini ukiwauliza Nati ni nani, mmoja atakwambia ni katuni, mwingine atakwambia ni kampuni ya soda. Kuna binti mmoja alimwambia Mama Duara, kwa upole kabisa, kwamba Nati ni kifupi cha maneno fulani ya kigeni. Hayo yote Mama Duara aliyameza. Yalimkera, alirudi nyumbani akayalalamikia sufuria, lakini aliyameza.

Kisha ikaja hiyo video. Mtu mmoja, hajulikani hata katokea wapi, alijirekodi amesimama chini ya Duara, sauti ameifanya nzito, akamwaga ule uongo wa kusukumwa. Watu wakarushiana kwenye simu mpaka mji mzima ukawa nayo.

Mbaya zaidi ni kwamba uongo wenyewe ulikuwa umepachikwa kwenye kitu cha kweli. Jumapili moja ya zamani umeme ulikatika Nati na mkewe wakiwa juu kabisa, wamepanda kama wateja. Mke alipiga ukelele uliosikika mpaka nje ya geti. Nati akachomoka kwenye kiti, akashuka akikanyaga vyuma, mguu baada ya mguu, mpaka ardhini. Akachomeka mkono wa chuma wa kuzungushia, akalisukuma Duara lote zima kwa nguvu zake, shati limemganda mgongoni, hadi mkewe akafika chini. Watu walipiga makofi. Wiki iliyofuata alinunua jenereta. Basi, hadithi iliishia hapo. Lakini waliokuwa mbali waliona mwanamume anachomoka na kusikia mwanamke anapiga kelele, nao wakawasimulia wengine, kila mmoja akatia chumvi yake, mpaka mtu aliyeshuka kumwokoa mkewe akawa ndiye aliyemsukuma.

Unadhani kampuni ilikanusha? Thubutu. Kampuni iliichukua karakana ya Nati, ile ile aliyochomelea kila kitu kilichomo bustanini, ikapaka kuta rangi nyeusi na kuifanya nyumba ya mizimu. Wakaichukua picha yake iliyokuwa ofisini, wakaichora upya kubwa kama mlango, macho mekundu, meno marefu, wakaitundika mbele. Ndani kuna giza, kuna kijana aliyevaa ovaroli na sura ya bandia ya Nati anayewarukia watu, kuna mwanasesere wa kike anayedondoka kutoka darini, na kuna spika inayopiga ukelele wa mwanamke. Foleni yake ikaipita ya Duara.

Mama Duara alikwenda kwa meneja. Si mara moja. Meneja ni kijana msafi, mwenye maneno laini, hana ubaya wa waziwazi, na hilo ndilo lililomtia Mama Duara kichaa, kwani mtu wa kugombana naye unataka akupe pa kushika. Alimweleza yote, Jumapili ile, mkono wa chuma, makofi. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni kisa kizuri sana, kinagusa moyo.

"Lakini mama yangu," akasema, "vijana hawapangi foleni kumtazama mtu mwema."

"Basi tundika sura ya baba yako."

Meneja akacheka. Akasema baba yake hajulikani na mtu, nani atamwogopa? Mama Duara akamuuliza, na wangu anajulikana? Meneja akatazama simu yake, na mazungumzo yakafia hapo.

Mambo yangeendelea hivyo hivyo, Mama Duara anasaga meno, foleni inarefuka, kama si macho ya mama yake. Bibi huyo alikuwa na mtoto wa jicho, pande zote mbili. Kwa miaka kadhaa alikuwa akikaa dirishani siku nzima anasikiliza nyayo za wapita njia, mtu akipita anamwita kwa jina la mwingine. Bintiye aliona huruma, lakini, tuseme ukweli, ndani kwa ndani alishukuru. Mama haoni, hawezi kwenda Kwa Nati, hataiona ile sura. Halafu hospitali wakampasua macho. Bandeji zilipotoka bibi alitazama chumba, akasema kuta ni chafu, akamtazama bintiye, akasema umezeeka. Kisha akasema anataka kwenda kuliona Duara la mume wake.

Mama Duara aliona dunia inamgeukia. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa kuliko kufukuzwa kazi: kwamba mama yake, aliyeishi na yule mzee maisha yake yote na kumzika, asimame mbele ya lile domo lenye meno na kuambiwa huyo ndiye mumeo. Akarudi kwa meneja, safari hii bila ukali. Alimwomba aifunike tu, kwa turubai, kwa siku moja. Meneja akasema Jumatatu, siku ambayo bustani imefungwa, afanye atakavyo. Haya. Akapiga moyo konde, akamwambia mama yake watakwenda Jumatatu.

Bibi hakungoja Jumatatu. Jumamosi, bustani imefurika, alimwambia mjukuu wake amvalishe viatu. Mjukuu huyo ndiye binti wa mwisho wa Mama Duara, msichana wa chuo, mwenye moyo mzuri na kichwa chepesi. Ile nyumba ya mizimu alikwisha kuingia na marafiki zake, wakacheka wee. Hata siku moja hakuwaza kwamba mtu wa ndani ya nyumba ile ni mtu wa ndani ya nyumba yao. Akaita teksi.

Mama Duara aliwaona kutoka kibandani. Alimwona mama yake ametoka na gauni lake la kwenda kanisani na harusini, mkono umeshikwa na mjukuu, anageuza kichwa huku na huku kama mtoto. Na Duara lilikuwa limejaa. Viti vyote vina watu, kimoja kiko juu kabisa kina mama na kichanga. Akapiga kelele jina la bintiye, muziki ukalimeza. Akawaona wanaipita bembea. Wanawapita farasi. Angeweza kuachia breki akakimbia, mwendo wenyewe si mrefu, lakini mkono ulikataa. Baba yake ndiye aliyeufundisha kukataa. Akaanza kuwashusha watu kiti kwa kiti, machozi ya hasira yanamtiririka, anawafungua mikanda, anawahimiza teremka, teremka baba, teremka haraka, nao wanalalamika kwamba zamu yao haijaisha. Kwa wakati wote huo alikuwa akitazama kule. Bibi alisimama mbele ya ile sura kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani.

Kiti cha mwisho kilipokuwa kitupu Mama Duara alitimua mbio. Alifika bibi anatoka upande wa pili, kilemba kimeenda upande, mjukuu nyuma yake anacheka bado, hajaelewa kitu. Foleni nzima ya vijana ilikuwa pale. Bibi akawatazama mmoja mmoja kwa yale macho yake mapya.

"Huyo aliyeuawa ni mimi," akasema. "Nati ni mume wangu. Hakunisukuma. Amekufa nyumbani, kitandani, kwa ugonjwa wa figo, na maji yake ya mwisho nimemnywesha kwa mkono huu."

Kwa kitambo kidogo tu, Mama Duara aliamini yameingia.

Halafu mmoja akapiga makofi. Wakapiga wote. Wakasema bibi yuko vizuri, bibi anajua kuigiza, hii sehemu mpya ni kali. Simu zikatoka mifukoni, wakamzunguka, huyu kamshika bega, yule kampigia magoti, wanapiga picha na marehemu. Mama Duara akawavamia kwa viganja, akasukuma mabega, akawaita wapumbavu wasio na wazazi. Hayo nayo wakayarekodi. Meneja akaja mbio, akaona kinachotokea, na macho yake yakang'aa. Alileta kiti mwenyewe. Akamkalisha bibi kivulini, akamletea maji, akamwomba, kwa adabu zote na mikono kifuani, awe anakuja kila Jumamosi kukaa pale mlangoni.

Mama Duara alifungua mdomo kumpa meneja maneno yake. Mama yake akamtangulia. Akasema atakuja.

Nyumbani waligombana mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Bibi alishika lake. Alisema amekubali ili awaambie ukweli, mmoja mmoja, hadi aliye mgumu kuelewa aelewe. Hao watoto hawajui kwa sababu hawajaambiwa, alisema. Mama Duara akamwambia wameambiwa, hawataki. Bibi akasema wameambiwa na wewe, na wewe huongei, unafoka.

Basi Jumamosi ikafika na bibi akakaa mlangoni. Kila aliyepita alimsimulia habari za fundi wa kuchomelea aliyenunua vyuma chakavu, jinsi alivyoamka alfajiri, jinsi alivyowapenda watoto. Walisimama kidogo kwa heshima. Kisha macho yakaanza kuzurura, mguu mmoja ukasogea, wakasema asante bibi, wakaenda zao ndani kutafuta mzimu. Mwisho wa siku alikuwa amekaa peke yake na sauti imemkauka. Uso wa Mama Duara ulisema nilikwambia, na bibi aliusoma.

Jumamosi nyingine Mama Duara, akiwa kibandani, aliona watu wamemzunguka bibi. Akashangaa. Jumamosi iliyofuata wakazidi, wamekaa chini kabisa, magoti yamekunjwa, hata simu wameweka kando. Moyo ukamlainika. Akajisemea, kumbe mama alikuwa na haki, kumbe wakiambiwa kwa upole wanasikia. Alipopata wa kumshikia breki akaenda kusikiliza. Alisimama nyuma, furaha imemjaa kifuani, akamsikia msichana mmoja akiuliza:

"Kwa hiyo, bibi, alikusukuma kwa mikono miwili?"

Bibi akafumba macho kama mtu anayekumbuka.

"Mmoja," akasema. "Wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameshikilia chuma, asije akaanguka na yeye."

Vijana wakavuta pumzi. Mmoja akauliza sasa alipona vipi, na bibi, bila hata kumeza mate, akasema aliangukia turubai la muuza soda, likamrusha, akaamka hospitali. Na yule fundi umeme? Bibi akatabasamu, akasema hayo ni ya wakubwa, na wote wakaangua kicheko.

Mama Duara hajui alifikaje mbele. Anajua tu kwamba alikuwa anapiga kelele. Hakumsukuma! Ni baba yangu mimi, hakumsukuma mtu, alishuka kwenye vyuma kumwokoa, muulizeni, mama waambie, waambie sasa hivi! Vijana walimtazama kwa huruma. Yule msichana aliyeuliza aliinuka, akamshika mkono taratibu, kama unavyomshika mtu mwenye msiba.

"Pole, mama," akasema. "Lakini aliyesukumwa mwenyewe ndiye anayesema."

Mama Duara akamgeukia mama yake. Bibi alikuwa anazichezea ncha za khanga yake, hatazami juu.

Katika teksi dereva alijaribu kuanzisha habari za joto, akaacha. Walipoingia ndani Mama Duara alitupa mkoba juu ya meza na ndipo yote yakamtoka. Alimwambia mama yake kwamba amemuua baba kwa mara ya pili. Kwamba meneja ni mfanyabiashara, wale ni watoto, wote hao angeweza kupigana nao, lakini sasa atapigana vipi, shahidi wa pekee amekwenda kusimama upande wa waongo. Mzee amekukosea nini, aliuliza. Alikunyima nini. Ni kwa ajili ya nini hasa?

Bibi alikaa akavua viatu, kimoja kimoja, bila haraka.

"Nilipowaambia ukweli waliondoka," akasema. "Nilipowaambia uongo walikaa. Yule binti aliniuliza jina langu, unajua? Jina langu mimi. Sijaulizwa jina tangu hospitali."

"Kwa hiyo umeuza jina la baba yangu ili uulizwe lako."

"Baba yako." Bibi akainua uso. "Wewe unayewaita wapumbavu kwa sababu hawamjui, wewe unamjua?"

Swali gani hilo! Mama Duara aliona kama ametukanwa. Nani anamjua kama yeye? Alimshikia spana akiwa na meno ya utotoni. Anajua alivyokuwa anashika moto, anajua kila alipounga chuma na kwa nini, anajua alivyokohoa, alivyotukana, alivyopiga chafya. Yote hayo akayasema, kidole kinapiga meza.

Bibi alimwacha amalize.

"Tulikutana wapi," akauliza, "mimi na yeye?"

Mama Duara akafungua mdomo. Alikuwa na hakika kwamba jibu liko pale pale, karibu na ulimi, kama spana kwenye sanduku. Akalitafuta. Kiwandani? Kwa akina shangazi? Hapana, shangazi alikuja baadaye. Akagundua kwamba hajui. Akagundua pia kwamba hajui baba yake alikuwa nani kabla ya kuwa fundi, wala alitoka wapi na vile vyuma kichwani mwake, wala alimtongoza mama kwa maneno gani. Hakuwahi kuuliza. Mama alikuwepo dirishani miaka yote ile, na yeye akipita kwenda kazini, akirudi amechoka, anamwambia umekula, anakwenda kulala.

"Tulikutana wapi, mama?" akauliza, na sauti bado ilikuwa ya ugomvi.

Bibi alisimama, akaviokota viatu vyake, akaelekea chumbani. Mlangoni akageuka.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Upange foleni kama wenzako."

Mlango ukafungwa. Mama Duara akatoka nje, akaubamiza wa mbele mpaka kioo kikatikisika, akasimama barabarani na hasira zake zote mkononi, watu wanampita, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza kumlaumu.